Yale madirisha yaliyozibwa kwenye majumba ya mawe Uingereza

Ukiona jumba kubwa la mawe huko mashambani Uingereza lenye dirisha limezibwa, mtu atakwambia tu eti walikwepa kodi ya madirisha, ile iliyotozwa kwa kuhesabu madirisha ya nyumba. Kodi ilikuwepo kweli, ilianza 1696 ikafutwa 1851, na wapo waliziba kwa ajili hiyo. Lakini mengi hayajawahi kuwa na kioo tangu siku ya kwanza. Wajenzi wa miaka ya 1700 walitaka pande mbili za nyumba zilingane, sasa ndani kama kuna dohani au ngazi imepita hapo utatoboaje, basi wanaweka fremu na kizingiti halafu katikati mawe, wengine wanapaka rangi nyeusi na kuchora vijiti vyeupe vya fremu ili kwa mbali lionekane dirisha.

Sogea karibu uangalie kwenye kona. Lililozibwa baadaye mara nyingi lina mstari ulionyooka pembeni na chokaa ya rangi nyingine, la tangu mwanzo mawe yake yameingiliana na ukuta.

Halafu hata kuta za bustani zina matao bubu kama hayo, yaani matao yasiyo na uwazi, na bustani ilitozwa kodi ya dirisha lini jamani?