Zabibu za mwaka jana si ushahidi

"Daktari, mbona mwaka jana mbwa wangu alikula kichala kizima cha zabibu na hakufa?" Swali hili nimeulizwa tena wiki hii hapa Dodoma, mkoa wa mizabibu, na nakiri kwamba safari hii nilijibu kwa ukali usiopendeza.

Mepesi kwanza. Papai na tikiti maji yaliyoondolewa mbegu na maganda, kipande cha ndizi au cha embe, havimdhuru mbwa mwenye afya, ilimradi vya kuonjaonja vyote visizidi sehemu ya kumi ya nishati anayoihitaji kwa siku. Kokwa la embe usimwachie, kwa maana halisagiki tumboni na likiziba utumbo ni upasuaji.

Zabibu ndizo zinazonichosha, kwa maana zinaweza kumuua mbwa kwa kuharibu figo. Tangu 2021 mtuhumiwa mkuu wa sumu hiyo ni asidi tartariki iliyomo ndani ya tunda, na kiasi chake hubadilika kufuatana na aina ya mzabibu, mazingira ulimokua na kadiri tunda lilivyoiva, kwa hiyo kichala cha mwaka jana na cha leo, hata kama vimetoka shamba moja la Hombolo, huenda visilingane kabisa kwa sumu. Mbwa aliyenusurika hakupata kinga yoyote; alipata bahati. Zabibu kavu ni mbaya zaidi, kwani maji yametoka na asidi imebaki, nasi tunazimwaga kwenye keki na biriani kisha tunamtupia mbwa makombo. Tena asidi hiyohiyo imejaa kwenye ukwaju, ambao hakuna mteja aliyewahi kuniuliza habari zake, ingawa wako mbwa walioharibika figo baada ya kuula.

Vitabu hutaja kiwango cha hatari kwa gramu, nami sikitegemei. Nimewahi kumtapisha mbwa aliyekula zabibu tano tu, na hadi leo sijui kama nilimwokoa au nilimsumbua bure, lakini kesho akija mwingine nitafanya vilevile.

Kutapika kwa kawaida huanza ndani ya saa 24, na figo zinaweza kushindwa kazi kufikia siku ya pili au ya tatu, wakati ambapo dripu huenda isitoshe. Mlete mapema, ikiwezekana kabla ya saa mbili kupita tangu azile, hata akiwa anachezacheza. Na tafadhali usimnyweshe maji ya chumvi njiani ili atapike, maana hapo nitakuwa na sumu mbili za kutibu.