Wasiwasi unaokuja na tarehe: maswali ya akina mama wa Dodoma kuhusu homoni, watoto na afya

Maswali haya huulizwa sana na akina mama wa hapa Dodoma, mengine kliniki, mengine saluni wakisubiri nywele zikauke. Yanayofanana nimeyaunganisha.

Kila mwezi kuna siku nageuka mtu mwingine. Moyo unakwenda mbio, usingizi sipati, nawafokea watoto kwa jambo dogo. Nikishaingia kwenye siku zangu nakuwa sawa. Ni homoni, au naanza kuumwa akili?

Dada, kabla ya kutafuta jina la ugonjwa, tafuta tarehe. Chukua kalenda ya ukutani au daftari la mtoto lililobaki kurasa. Kila usiku andika namba moja: 0 kama siku ilikuwa shwari, 1 kama wasiwasi ulikuwepo lakini kazi zako ulizifanya, 2 kama ulikushinda. Siku damu inapoanza, zungushia duara. Fanya hivyo miezi miwili mfululizo.

Namba 2 zikijipanga siku saba hadi kumi kabla ya duara, kisha zikafutika siku chache baada ya damu kuanza, basi mzunguko wako unahusika. Zikitapakaa mwezi mzima, huo ni wasiwasi wa aina nyingine, ambao huenda unachochewa tu hedhi inapokaribia, na tiba yake inaweza kuwa tofauti. Madaktari nao huanzia kwenye kumbukumbu ya namna hii, kwa sababu hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha hali hiyo.

Kinachotokea ndani ni hiki. Yai likishatoka, takriban wiki mbili kabla ya hedhi, homoni ya projesteroni hupanda. Mwili unapoivunja hupatikana kemikali inayogusa sehemu za ubongo zinazohusika na utulivu. Siku za mwisho kabla ya damu, projesteroni na estrojeni hushuka pamoja. Wanawake wengi huambulia matiti kuuma na uchovu. Wachache ubongo wao huyapokea mabadiliko hayo kwa ukali, na wasiwasi, hasira au huzuni huwa kubwa kiasi cha kuharibu kazi na nyumba. Jambo ambalo wengi hawalijui: wanawake hawa wakipimwa, homoni zao huwa katika viwango vya kawaida. Tatizo liko kwenye namna ubongo unavyopokea kupanda na kushuka kwake. Hali hiyo inatambulika kitabibu na ina tiba, kwa hiyo usikubali kuambiwa unadeka.

Kuna mtu mtandaoni kaniambia nina mvurugiko wa homoni. Ananiuzia dawa ya kubalansi na kusafisha kizazi. Nitumie?

Usitumie. Siku hizi kila kitu ni mvurugiko wa homoni: chunusi, kitambi, hasira, hata mume kuchelewa kurudi. Homoni zikiwa zimevurugika kweli, huwa kuna ugonjwa wenye jina, kipimo na matibabu. Kizazi nacho hakihitaji kusafishwa na chupa ya mtu.

Kama una pesa ya maabara, anza na vitu vitatu. Cha kwanza ni tezi ya shingo. Ikifanya kazi kupita kiasi, dalili zake hufanana kabisa na wasiwasi: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho, kukosa usingizi, na kukonda ingawa unakula vizuri. Kipimo cha kuanzia kinaitwa TSH; ulizia katika hospitali kubwa kama ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa. Mwanamke aliyejifungua ndani ya mwaka mmoja asikiruke, kwa sababu tezi inaweza kuvimba baada ya uzazi, ikafanya kazi kupita kiasi kwa muda, halafu ikalegea.

Cha pili ni wingi wa damu. Anayetoka damu nyingi kila mwezi anaweza kusikia moyo ukidunda kwa kupanda ngazi tu, akadhani ni hofu. Cha tatu ni sukari. Kipimo kimoja cha estrojeni au projesteroni, kilichochukuliwa siku yoyote tu, kwa tatizo hili hakikuambii mengi, maana homoni hizo hubadilika siku hadi siku.

Nimeamua kuboresha afya: nimeacha ugali, kifungua kinywa sili tena, nakunywa chai ya kupunguza tumbo na kukimbia jioni. Mbona wasiwasi ndiyo umezidi?

Kukimbia endelea nako. Hayo mengine tuyaangalie.

Ukikaa na njaa muda mrefu na sukari ikashuka, mwili hutoa adrenalini na kortisoli ili kuipandisha. Adrenalini ndiyo ileile inayokutetemesha ukiwa na hofu. Sasa weka njaa hiyo katika wiki ile ya namba 2, ongeza vikombe vitatu vya chai ya rangi iliyokolea na kinywaji cha kuongeza nguvu, halafu ushangae kwa nini moyo unadunda saa nne asubuhi. Kafeini punguza taratibu, kikombe kimoja kila baada ya siku chache, maana ukiiacha ghafla kichwa kitakuuma. Baada ya saa nane mchana iache kabisa.

Chai za kupunguza tumbo nyingi ni dawa za kuharisha zilizopewa jina zuri. Baadhi ya bidhaa za kukondesha duniani zimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo. Haiandikwi kwenye pakiti.

Chakula cha hapa kwetu hakina kosa. Ugali wa uwele au mtama kwa kiasi, mlenda uliotiwa karanga, maharage, na dagaa pesa ikiruhusu, hukaa tumboni muda mrefu na sukari haipandi kwa kishindo. Chai usinywe pamoja na mlo. Inazuia mwili kufyonza madini ya chuma. Badala yake kunywa juisi ya ubuyu isiyojazwa sukari, au kamulia ndimu kwenye mboga.

Mazoezi yanayopendekezwa kwa mtu mzima ni dakika 150 kwa wiki za kutembea haraka au zaidi ya hapo. Kwa upepo na vumbi la Dodoma miezi ya kiangazi, alfajiri ni bora kuliko jioni. Na wiki moja kabla ya hedhi usipande mizani! Mwili huhifadhi maji, kilo moja au mbili zinaongezeka zenyewe, na wewe unajiona umeshindwa.

Wasiwasi unanipanda asubuhi watoto wakiwa wamenizunguka. Nafanya nini palepale?

Saa kumi na mbili na nusu. Uji uko jikoni, mmoja kapoteza soksi, mwingine analia hataki kuchanwa nywele, na skulibasi linapiga honi getini. Kifua kinabana. Hapo hutakumbuka ushauri mrefu, kwa hiyo shika jambo moja: pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Vuta kwa pua ukihesabu hadi nne, toa kwa mdomo polepole hadi sita, kama unapoza uji wa mtoto bila kuumwaga. Rudia mara nane au kumi. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza kasi ya moyo. Unaweza kufanya hivyo umesimama jikoni, na mtoto akipenda afanye na wewe. Mshtuko mkali wa hofu kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kisha hushuka. Lakini maumivu ya kifua yanayokuja ukifanya kazi nzito, au yanayokwenda mkononi au kwenye taya, si ya kupumulia nyumbani, nenda hospitali.

Kazi kubwa zaidi hufanyika kabla. Kwa kuwa kalenda imekuonyesha siku ngumu, usizipangie kikao cha vikoba, wala kufua mapazia, wala kumwachisha mtoto ziwa. Sare zipangwe usiku. Mwombe shangazi mtu au jirani akuchukulie watoto jioni moja, nawe utamlipa wiki yako nzuri.

Ukishafoka, rudi kwa mtoto. Mwambie: "Asubuhi nilikupigia kelele. Nilikuwa na wasiwasi. Si kosa lako, na sikupaswa kukupigia kelele." Basi, inatosha. Mtoto wa miaka minne au mitano huamini kirahisi kwamba yeye ndiye kasababisha, kwa hiyo maneno yale "si kosa lako" ndiyo yenye uzito. Usimweleze mambo ya homoni na ndoa. Hawezi kuwa mshauri wako. Na ukihisi mkono unakwenda kupiga, mweke mtoto mahali salama, toka uani dakika tatu, ndipo urudi.

Mtoto wangu ana wiki sita. Nikiwa namwogesha napata picha kichwani kwamba nitamwachia azame. Naogopa hata kumwambia mama yangu.

Mama, picha kama hizo huwapata wazazi wengi sana wa watoto wachanga. Zinakutisha kwa sababu hutaki zitokee, na mwenye kuogopa hivyo kwa kawaida huishia kumlinda mtoto kupita kiasi. Katika siku mbili za kwanza baada ya kujifungua, estrojeni na projesteroni hushuka kwa kasi kubwa. Ongeza usingizi uliokatika vipande na kidonda. Machozi na wasiwasi wa siku za mwanzo kwa wengi huisha ndani ya wiki mbili. Wewe umefika wiki sita, kwa hiyo usisubiri tena. Kliniki ya mtoto inapokuja, mwambie nesi habari zako wewe, si uzito wa mtoto peke yake.

Kuna hali tofauti, nayo ni ya dharura: mama anasikia sauti, anaamini mtoto amebadilishwa au ana jambo baya ndani yake, halali siku kadhaa na hasikii uchovu, anachanganyikiwa, au ana mpango wa kujidhuru au kumdhuru mtoto. Huyo apelekwe hospitali leo hii, asiachwe peke yake na mtoto. Maombi yanaweza kufanyika njiani.

Nilichoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Je, ndiyo inayonipa hofu?

Inawezekana kwa baadhi ya wanawake, ingawa wengi huitumia bila shida hiyo. Angalia tena tarehe: wasiwasi ulianza baada ya sindano, au ulikuwepo? Sindano ikishachomwa haiwezi kutolewa, inaisha yenyewe. Kijiti kinaweza kutolewa na mhudumu wakati wowote. Kitanzi cha shaba hakina homoni, lakini kinaweza kuongeza damu ya hedhi, kwa hiyo mwenye upungufu wa damu aseme mapema. Usiache njia moja kabla ya kuwa na nyingine. Mimba usiyoipanga haijawahi kumpunguzia mtu wasiwasi.

Nina miaka 48, nalea wajukuu watatu. Usiku nalowa jasho, naamka na hofu isiyo na sababu. Nimechelewa kuwa na shida ya homoni?

Shikamoo bibi, hujachelewa. Wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na miaka kadhaa kabla ya hapo estrojeni hupanda na kushuka bila mpangilio. Joto na jasho hukukatia usingizi, na usingizi mbovu huzaa wasiwasi wa mchana. Lala na khanga nyepesi, punguza chai ya jioni, pima presha na sukari. Dawa zipo, zikiwemo za homoni kwa wanaofaa kuzitumia. Mimba bado inaweza kuingia mpaka hedhi ikatike mwaka mzima. Na damu ikirudi baada ya mwaka huo, hata tone, nenda ukachunguzwe.

Mimi ni mume. Nimsaidieje?

Kaka, ogesha watoto. Na katikati ya ugomvi usimuulize kama yuko kwenye siku zake.

Nikisema nina wasiwasi watanipeleka Mirembe. Na dawa zenyewe si za kulevya?

Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, na wapo wanaokwenda asubuhi, wakaonana na daktari, wakarudi kupika chakula cha mchana. Najua jina hilo linavyotumiwa kutukania watu mjini hapa. Lakini si lazima uanzie huko. Anza kituo cha afya kilicho karibu, ukiwa na kalenda yako, na sema wazi: "Wasiwasi unanizuia kufanya kazi na kulea." Ukisema tu kichwa kinauma, utapewa ya kichwa.

Tiba ya mazungumzo husaidia, hasa ile inayokufundisha kuyapima mawazo ya hofu badala ya kuyatii. Dawa kama fluoksetini na setralini hazileti ulevi. Kwa wasiwasi wa mwezi mzima huchukua wiki mbili hadi sita kufanya kazi vizuri, na siku za mwanzo wasiwasi unaweza kupanda kidogo. Kwa ule wa kabla ya hedhi huweza kusaidia mapema zaidi, na daktari anaweza kuamua uzimeze wiki mbili za kabla ya hedhi tu. Kama unanyonyesha mwambie, kwa sababu setralini hupita kidogo sana kwenye maziwa na huchaguliwa mara nyingi. Ukitaka kuacha, punguza kwa maelekezo yake. Ya kuogopa ni diazepamu ya kununua kimyakimya duka la dawa: inatuliza jioni ile, lakini mwili huizoea ndani ya wiki chache tu, na usiku mtoto akilia huenda usimsikie.