Tanbihi si tarakimu tu: dhana potofu kuhusu kumkabidhi msaidizi wa akili unde kazi ya kupanga tanbihi

Msimu wa kukabidhi tasnifu unapokaribia, steshenari zilizo karibu na stendi ya Nyegezi, hapa Mwanza, hujaa wanafunzi wenye flashi mkononi na ombi moja: tanbihi zao zipangwe upya kwa mtindo anaoutaka msimamizi. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa jicho na kidole. Siku hizi wengi hufika wakiwa wameshaipitisha kwa msaidizi wa akili unde, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kurekebisha kilichorudi kutoka huko. Simlaumu msaidizi huyo, kwani mimi mwenyewe humtumia karibu kila siku. Tatizo liko katika yale ambayo watu hudhani anayaona anapoonyeshwa tanbihi.

"Tanbihi ni tarakimu ndogo juu ya mstari, na maelezo yake chini ya ukurasa"

Dhana nyingine karibu zote huzaliwa na hii. Ndivyo tanbihi inavyoonekana kwenye karatasi, lakini sivyo ilivyo ndani ya faili. Faili la docx, muundo ambao Word imeutumia kama wake wa kawaida tangu toleo la 2007, kwa hakika ni furushi la mafaili kadhaa yaliyobanwa pamoja: ukichukua nakala ya kazi yako, ukabadilisha kiishio cha jina kutoka docx kuwa zip na kuifungua, utakuta kabrasha liitwalo word, na ndani yake faili la document.xml lenye matini kuu na jingine la footnotes.xml lenye maelezo ya tanbihi. Katika matini kuu, mahali unapoona tarakimu 7, hakuna 7 iliyoandikwa. Pana alama inayosema tu kwamba hapa ipo tanbihi yenye kitambulisho fulani, na ni programu yenyewe inayohesabu na kuchora tarakimu kila inapoonyesha ukurasa. Ndiyo sababu ukiingiza tanbihi mpya kati ya ya tatu na ya nne, zinazofuata hujihesabu upya zenyewe, na ukifuta alama katika matini, maelezo yake huondoka nayo.

Sasa mwanafunzi hunakili sura nzima na kuibandika kwenye kisanduku cha mazungumzo. Kinachofika upande wa pili ni maandishi matupu: alama imeshapotea, na tarakimu imekuwa herufi kama herufi nyingine, mara ndani ya mabano ya mraba, mara imegandana na neno lililotangulia, hasa nakala inapotoka kwenye PDF. Nimewahi kuletewa sura inayohusu biashara ya dagaa katika soko la Mwaloni Kirumba, yenye sentensi isemayo kwamba debe moja liliuzwa kwa shilingi 240,007. Nilipouliza, ikabainika kwamba bei ilikuwa 24,000 na tanbihi ilikuwa ya 7. Viwili hivyo vilipogandana vikawa 24,0007, na msaidizi, kwa nia njema kabisa, akausogeza mkato mahali pake. Mwenye tasnifu alikuwa ameisoma sura hiyo mara mbili bila kuona kitu.

Hasara kubwa zaidi hutokea wakati wa kurudisha. Hili nimelifanya mimi mwenyewe: nilibandika matini iliyosafishwa juu ya aya za awali, nikahifadhi, nikafunga faili, na tanbihi hai 143 zikawa zimefutika kwa mpigo mmoja, mahali pake pakabaki tarakimu zilizochapwa. Nilitumia siku mbili kuziingiza upya moja moja nikitazama nakala ya karatasi. Tangu hapo sipokei faili bila kulipima: ukiweka kipanya juu ya tarakimu ya tanbihi iliyo hai, maelezo yake hujitokeza katika kisanduku kidogo, tarakimu iliyokufa hainyanyui hata kope.

"Bila akili unde, kubadilisha mpangilio ni kazi ya usiku kucha"

Kwa mabadiliko yanayoombwa mara nyingi zaidi, msaidizi hahitajiki hata kidogo. Kuzihamisha tanbihi zote kutoka chini ya kurasa hadi mwisho wa kazi kunafanyika ndani ya Word: fungua kichupo cha References, bofya kimshale kidogo kilicho pembeni mwa kundi la Footnotes, kisha kitufe cha Convert. Ukubwa na aina ya herufi hubadilishwa mara moja katika mtindo wa Footnote Text, na tanbihi zote hufuata.

"Nikimwambia asibadilishe neno lolote, hatabadilisha"

Maagizo ya namna hiyo hupunguza madhara, lakini hayaondoi chanzo chake. Msaidizi hanakili maandishi yako kama mashine ya fotokopi; anayaandika upya kipande kwa kipande, akichagua kila mara kile kinachoelekea zaidi kufuata. Katika sentensi ya kawaida tofauti hiyo huenda isionekane. Katika tanbihi, ambayo thamani yake yote imo katika mwaka, ukurasa na tahajia ya jina, tarakimu moja iliyopinda imeharibu rejeo zima. Maneno ya kwetu ndiyo huathirika zaidi, kwa kuwa ni adimu katika maandishi aliyofunzwa: nimekuta mialo, ambayo kila mtu wa ziwani anajua kuwa ni mahali samaki wanaposhushwa, imegeuzwa kuwa miale katika tanbihi kumi na moja za kazi moja, kana kwamba mtafiti alikwenda kuwahoji wavuvi kuhusu jua.

Urefu nao una lake. Modeli zinazowaendesha wasaidizi hawa husoma maandishi yakiwa yamekatwa vipande vidogo, na neno la Kiswahili kwa kawaida hukatwa vipande vingi kuliko la Kiingereza, kwa hiyo sura yetu huijaza mapema zaidi nafasi ya maandishi ambayo msaidizi anaweza kuyashika kwa wakati mmoja. Anapoanza kulemewa hasemi kwamba amelemewa. Hurudisha tanbihi arobaini za kwanza zikiwa safi, kisha huruka chache za katikati, au huunganisha mbili zinazofanana kuwa moja. Kwa sababu hiyo huwa nampa tanbihi ishirini kwa wakati mmoja, maelezo yake peke yake bila matini kuu, kila moja ikiwa na namba niliyoichapa mwenyewe mwanzoni mwa mstari, na kazi hufanyika katika nakala, si katika faili la asili. Mwishoni natumia amri ya Compare iliyo katika kichupo cha Review, ambayo hulinganisha mafaili mawili na kuonyesha kila kilichobadilika, tanbihi zikiwemo. Dakika kumi za ulinganisho huo ndizo ninazozilinda kuliko zote.

"Ibid. ni neno tu, litashughulikiwa kama mengine"

Hapa ndipo hata wachapaji wazoefu hujikwaa. Ibid. humaanisha chanzo kilekile kilichotajwa katika tanbihi iliyotangulia, kwa hiyo maana yake inategemea jirani yake. Aya ikihamishwa kutoka sura ya pili kwenda ya nne, Ibid. huhama nayo na kuanza kuelekeza kwa jirani mpya ambaye hana uhusiano nayo, na hakuna programu itakayopiga kelele. Vivyo hivyo kwa maneno kama "taz. tanbihi ya 12": yakiwa yamechapwa kwa mkono, 12 itabaki 12 hata pale tanbihi yenyewe inapokuwa ya 15. Msaidizi anaweza kukuandikia rejeo kamili mahali pa kila Ibid., na hufanya hivyo vizuri sana, mradi umpe orodha katika mpangilio sahihi wa awali, kabla hujahamisha chochote. Ukimpa baada ya kuhamisha, atatekeleza kwa ufasaha uleule, na kila rejeo litakuwa la uongo.

"Nikimpa faili zima badala ya kubandika, tatizo limekwisha"

Limepungua. Wapo wasaidizi wanaoweza kulifungua faili la docx na kuzigusa tanbihi mahali zilipo, na matokeo yake huweza kuwa mazuri. Wengine husoma maandishi yake, kisha hujenga faili jipya kabisa, ambalo hupendeza machoni lakini tanbihi zake ni aya za kawaida zilizopangwa mwishoni. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Kwa kipanya unaweza.

"Rejeo likipungukiwa, yeye analijua, atalijaza"

Atalijaza, ndiyo. Mwanafunzi asipoandika mahali kitabu kilipochapishwa, msaidizi huona kuwa vitabu vingi vya Tanzania vimetoka Dar es Salaam, basi naye huandika Dar es Salaam, hata kama kitabu chenyewe kilichapishwa hapa hapa Mwanza. Hadanganyi kwa makusudi. Anakisia, na kisio lake huja likiwa limevaa nguo zilezile za ukweli. Mwaka 2023, katika kesi iliyofunguliwa New York dhidi ya shirika la ndege la Avianca, mawakili wawili na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hoja zilizorejelea hukumu ambazo hazikuwahi kuwepo, zilizotungwa na ChatGPT, msaidizi wa akili unde. Agizo linalofaa kwa tanbihi pungufu ni kinyume cha lile lililozoeleka: asijaze, bali aorodheshe kila kinachokosekana, kisha mwenye kazi aende kukitafuta maktabani.

"Tanbihi hazina siri"

Tasnifu nyingi za huku huhusu uvuvi, masoko na afya, na tanbihi zake zimejaa mahojiano: jina la mtu, kijiji, tarehe, pengine hata namba ya simu ambayo mtafiti aliiandika kwa ajili yake mwenyewe akasahau kuifuta. Kuibandika orodha hiyo kwenye mazungumzo ya mtandaoni ni kuzipeleka taarifa za watu kwenye kompyuta za kampuni iliyoko nje ya nchi, wakati Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ambayo inagusa pia usafirishaji wa taarifa hizo nje ya mipaka. Mvuvi wa Igombe aliyekubali kuhojiwa chini ya mti hakukubali hilo. Mwenye kazi anapokuwa tayari, tunabadilisha majina kuwa alama kama M1 na M2 kabla ya kutuma chochote, na orodha ya nani ni M1 na nani ni M2 inabaki kwenye daftari lake. Asipokuwa tayari, tanbihi za mahojiano hazitoki dukani, nazipanga kwa mkono.