Helikopta za Jeshi na Moto wa Nyika: Dhana na Ukweli

Dhana: jeshi likishaleta helikopta, moto umekwisha.

Helikopta aina ya Black Hawk ya Walinzi wa Taifa wa California, jeshi la akiba la jimbo hilo la Marekani, huning'iniza ndoo ya galoni 660, karibu lita 2,500. Chinook, helikopta kubwa zaidi, hubeba hadi galoni 2,000. Kwenye video yanaonekana mafuriko, lakini moto wa vichaka vikavu unaosukumwa na upepo huyameza upesi. Kazi ya maji hayo ni kupunguza ukali wa ndimi ili watu wa chini wasogee, wafyeke na kukwangua ardhi mpaka ubaki udongo mtupu. Bila hao wenye majembe na misumeno, palipomwagiwa asubuhi panaweza kuwaka tena mchana.

Mwinuko nao una lake. Wanaouliza kwa nini helikopta hazikuumaliza moto wa Kilimanjaro Oktoba 2020 wakumbuke kwamba juu hewa ni nyepesi, na kila mita unayopanda inapunguza mzigo unaobebeka.

Dhana: rubani wa vita hahitaji kufundishwa kumwaga maji.

Anahitaji, tena sana. Ndoo inayumba, uzito unabadilika ghafla ikifunguliwa, na akishuka mno upepo wa mapanga yake huchochea moto aliokuja kuuzima. Ndiyo maana wanajeshi hao hufanya mazoezi na Cal Fire, idara ya zimamoto ya jimbo, kabla ya msimu.

Dhana: mzamiaji alichotwa baharini na ndege au helikopta ya kuzima moto, maiti yake ikakutwa juu ya mti.

Kisa hiki kimezunguka dunia kwa miongo, na kila nchi hudai kilitokea kwao. Hakuna tukio hata moja lililothibitishwa. Helikopta zenye tangi hufyonza maji kwa bomba lenye chujio. Ndege za kuchota, kama Canadair, huingiza maji kupitia vitundu ambavyo hata kichwa cha mtu hakipiti. Ndoo huteremshwa taratibu, wahudumu wakiitazama. Mtu angepenyaje?

Dhana: kazi ya helikopta za jeshi ni maji tu.

Usiku wa tarehe 5 Septemba 2020, moto wa nyika ulioitwa Creek Fire ulipowazingira wapiga kambi kwenye bwawa la Mammoth Pool, California, Chinook na Black Hawk zilipenya moshi, marubani wakivaa miwani ya kuonea gizani. Ziliwatoa zaidi ya watu 200. Wahudumu saba walitunukiwa nishani.

Dhana: ndege na helikopta zisiporuka, ni uzembe.

Januari 7, 2025, mtaa wa Palisades, Los Angeles, ulipokuwa ukiteketea, upepo ulikuwa mkali kiasi cha kusimamisha ndege zote usiku. Kumwaga maji katika upepo huo ni kuyatawanya hewani, mbali na kuhatarisha wahudumu. Siku mbili baadaye, droni ya mtu aliyetaka kutazama uharibifu wa moto ilitoboa bawa la Canadair iliyotoka Québec, Kanada. Ndege ikatua, ikakaa chini siku kadhaa ikitengenezwa.