Kabla hujaniagiza koili ya inchi 18

Wiki hii nimepokea simu ileile kwa mara ya nne. Safari hii alikuwa mzee mmoja wa Moshi, ana eneo lake la kutafutia dhahabu Handeni na mashine ya kunusia dhahabu ardhini, GPX 5000, aliyoinunua mkononi. Koili yake ya inchi 11, ile sahani yenye mizunguko ya waya unayoifagilia ardhi, imeanza kupiga kelele ovyo. Baada ya salamu akaniambia: "Fundi, hii ndogo imenichosha. Nitafutie ya inchi 18, ile inayoshuka mita mbili." Nikamuuliza, "Mzee wangu, vipande unavyopata huwa na uzito gani?" Akasema vingi havifiki gramu moja.

Nilimsihi asitume hela kwanza. Nimechoka kuona watu wakitoa fedha za ada ya watoto kununua koili itakayowafanya waipite dhahabu yao wenyewe.

Koili kubwa ina sumaku inayofika mbali, sibishi. Lakini nguvu hiyo haizaliwi upya, inatawanywa. Umeme na idadi ya mizunguko ikibaki ileile, ukiongeza kipenyo cha koili mara mbili, sumaku pale katikati inapungua kwa nusu. Halafu mwitikio wa kipande cha dhahabu unapokelewa na koili hiyohiyo iliyotanuka, kwa hiyo unakatwa nusu tena. Umebaki na robo. Kipande cha nusu gramu kilicholala sentimita tano chini ya majani, ambacho koili ya inchi 8 ingekipigia kelele, hapo unaweza kukipita kimya.

Na hizo mita mbili? Ukishaenda chini kuliko ukubwa wa koili yenyewe, sumaku hupungua kwa kasi ya mchemraba wa umbali. Mwitikio nao, wakati wa kurudi, unapungua vivyo hivyo. Kina kikiwa maradufu, sauti inakuwa ndogo karibu mara 64. Hakuna koili ya kufidia mara 64. Wanaotafuta sanduku la chuma linalosemekana kuzikwa na Mjerumani enzi za ukoloni wachukue koili kubwa, maana sanduku ni kubwa (na wakumbuke kwamba kuchimba mambo ya kale bila leseni ni kosa kwa sheria ya mwaka 1964). Punje za dhahabu ni habari nyingine.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba watu wanaizungumzia koili kana kwamba ardhi haipo. Koili haioni dhahabu peke yake, inaona kila kilicho chini yake. Ukiipanua, umeipa udongo mwingi zaidi wa kuusikiliza, na udongo wenye madini ya chuma unaongea kwa sauti kuliko punje yako. Hapa kwetu Arusha ndiyo kabisa. Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kamba, iburute kwenye mchanga wa korongo lolote linaloshuka kutoka Meru. Itatoka na ndevu nyeusi. Hiyo ni magnetaiti iliyotoka kwenye volkano, na Kilimanjaro upande wa pili mambo ni hayohayo.

Sasa mtu ananunua koili mpya, anaijaribu nyuma ya nyumba yake kule mtaa wa Sakina, mashine inalia kama mbuzi aliyefungiwa, anairudisha akisema ni mbovu. Koili nzima kabisa! Mwingine anaijaribu hewani, anapitisha pete ya ndoa mbele yake, inasikika kwa mbali, anafurahi. Huyo naye kajidanganya, maana hewani hakuna udongo wa kubishana nao. Kipimo ninachokiamini ni kimoja: chukua kipande kidogo cha risasi, zile za nyavu za samaki, uzito wa karibu na dhahabu unayoipata. Kizike palepale unapofanyia kazi, kwa kina unachokijua, pitisha koili mbili kwa zamu. Dakika ishirini tu.

Kuhusu mono (koili ya waya mmoja unaotuma na kupokea) na DD (yenye nyaya mbili za umbo la D, mmoja unatuma na mwingine unapokea), vitabu vinasema udongo mkali, wenye madini mengi ya chuma, weka DD, udongo mpole weka mono, kwa kuwa mono inashuka zaidi na DD inasikiliza ukanda mwembamba wa katikati. Kwa miaka mingi nami niliwaambia wateja hivyohivyo. Siku hizi sina uhakika huo. Nimewapa watu DD kwa udongo mwekundu mkali, wakarudi wakasema mono ya ukubwa uleule, mashine ikiwekwa kwenye mpangilio wa Fine Gold, ule wa dhahabu ndogondogo, ndiyo iliyowatolea vipande. Wengine, kilomita chache kutoka hapo, wameniambia kinyume. Kwa hiyo naazimisha zote mbili kwanza, hata kama nachelewa kuuza.

Koili kuingia kwenye plagi ya mashine si ushahidi kwamba inaifaa. GPX 5000 inakubali koili za mashine za zamani za kampuni yake: za SD, za GP na za GPX zilizoitangulia. Lakini GPX 6000 na GPZ 7000, za kampuni hiyohiyo, zina koili zao. Kwenye mashine za aina nyingine, Gold Bug Pro inafanya kazi kwa masafa ya kilohezi 19, Gold Bug 2 kwa kilohezi 71: jina karibu moja, koili haziingiliani kabisa, kwani koili za mashine za namna hiyo husawazishwa kwa masafa yake. Na koili ya tanzanaiti haipo, msiniulize. Tanzanaiti ni kito, si metali kama dhahabu.

Uzito nao mnaupuuza. Koili kubwa ikishachosha bega, mwisho wa kila mfagio mkono unainuka sentimita tano, nane. Kina ulicholipia kimeishia hewani.

Yule mzee nilimwomba anitumie koili yake kwa basi kabla ya lolote. Nilivua kava ya chini kwanza. Ndani kulikuwa na mchanga mweusi wa kujaa kiganja, umejibana kati ya kava na koili, ukicheza kila anapotembea. Nikaosha, nikakausha. Kisha nikaunga multimita kwenye plagi: mono nzima ya mashine hizi husoma chini ya omu moja, na ukiwa na kipima henri utaona karibu maikrohenri 300. Yake ilisoma vizuri, ila nilipoutikisa waya karibu na plagi namba ikaruka. Nyuzi zilikuwa zimekatika nusu, kwa sababu hakuufunga waya kwenye mpini na ulikuwa unavutwa siku nzima. Nimekata kipande kile, nimechoma solda upya pamoja na ile nyavu ya kinga inayozizunguka nyuzi, nikaifunga ndani ya mpira wa kubana kwa moto.

Jana jioni imerudi Moshi, inchi 11 ileile. Mzee akiona hela bado zinamwasha, nimemshauri aongeze ya inchi 8 kwa ajili ya ule udongo uliotupwa kando ya mashimo ya zamani, maana kwa uzito wa vipande alivyonitajia, nina hakika ameviacha vingi pale.