Mwavuli wa roketi ya mfano: kazi yake, na kwa nini mkubwa si lazima uwe bora

Roketi ya mfano ni bomba la karatasi ngumu lenye mapezi ya mbao nyepesi, pua ya plastiki au mbao, na injini ndogo ya baruti inayotumika mara moja. Inarushwa ili irudi, irushwe tena. Mpango mzima wa kuishusha bila kuvunjika, wala kumpasua mtu kichwa, huitwa mfumo wa urejeshaji. Mara nyingi mfumo huo ni mwavuli, yaani parachuti.

Mwavuli haufunguki wenyewe. Kwenye injini iliyoandikwa C6-5, herufi inaonyesha kiwango cha msukumo wote, 6 ni wastani wa nguvu kwa nyutoni, na 5 ni sekunde za kusubiri. Fataki ya kusukuma ikiisha, roketi huendelea kupaa kwa kasi iliyobaki nayo huku kijazio kingine kikiungua polepole. Sekunde hizo zikitimia, baruti kidogo hulipuka kuelekea juu, ndani ya bomba. Pua inachomoka na mwavuli unasukumwa nje.

Hapo ndipo wengi huharibu. Moshi ule ni wa moto, kwa hiyo kati ya injini na mwavuli huwekwa karatasi laini iliyotiwa dawa ya kuzuia kuwaka. Ukiisahau, plastiki ya mwavuli inayeyuka na kuwa donge. Pua na bomba huunganishwa kwa lastiki ndefu ili kishindo kisikate kitu. Na ukichagua sekunde vibaya, mwavuli ukafunguka roketi ingali mbioni, kamba huchana bomba kuanzia mdomoni kama zipu.

Joto la Mombasa nalo lina lake. Mwavuli wa plastiki uliokunjwa usiku kucha kwenye unyevu wetu huganda, ukatoka kama soseji na usichanue. Upake poda ya mtoto, na uukunje dakika chache kabla ya kurusha. Nyuzi zikikusokota, ile pete inayozunguka ambayo wavuvi hufungia ndoana ndiyo dawa yake.

Sasa ukubwa. Roketi ya gramu 60 yenye mwavuli wa kipenyo cha sentimita 30 hushuka kwa takriban mita 4 kwa sekunde, na hapo inatua salama. Ukiongeza kipenyo mara mbili, kasi hupungua kwa nusu: mita 2 hivi. Mgeni atafurahi. Aliyekua akirusha tiara hapa atauliza kwanza upepo uko vipi leo.

Tuseme mwavuli umefunguka mita 150 juu, na upepo unakwenda mita 6 kwa sekunde. Ule wa sentimita 30 utachukua kama sekunde 37 kufika chini, na katika muda huo roketi itapeperushwa mita 220 hivi. Ule wa sentimita 60 utakaa hewani sekunde 75, na itakubidi uifuate roketi mita 450 mbali. Wakati wa kusi, ukirusha kwenye ufuo wa Nyali, upepo unatoka baharini. Mita 450 za kuingia nchi kavu ni mapaa ya watu, nyaya za umeme na minazi. Mnazi ukishakamata mwavuli, utafute mkwezi.

Wenye roketi nzito zinazopaa juu sana hutumia miavuli miwili: mdogo kileleni, ili roketi ishuke haraka bila kupinduka ovyo, kisha mkubwa karibu na ardhi, kifaa cha kupima urefu kikitoa amri. Kwa roketi ndogo hakuna haja. Toboa tundu katikati ya mwavuli, hewa ipite. Utashuka kwa kasi zaidi na hautayumba sana. Au kunja kingo zake kwa mkanda, kama nahodha anavyopunguza tanga. Roketi nyepesi kabisa haihitaji mwavuli: utepe mrefu wa plastiki ya rangi kali unaochapa hewani unatosha, na unaonekana ukiwa mbali.

Kwa kujifunza si lazima baruti, ambayo inataka ruhusa ya serikali na, kwa kuwa ndege huteremka Changamwe, uangalifu wa anga. Chupa ya soda, maji kiasi cha theluthi na pampu ya baiskeli inafaa. Pua yake huwekwa bila kubanwa, ichomoke yenyewe chupa inapogeuka kileleni, na mwavuli wa plastiki nyepesi uumuke.