Kanga tatu zilizoloa, na namba 115

Nusu lita ya damu ni sawa na ile chupa ndogo ya maji inayouzwa stendi. Mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida akipoteza kiasi hicho, sisi wakunga tunaanza kukimbia, kwa sababu damu isiposimama anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Shida ni kwamba nyumbani hakuna anayeipima. Inanyonywa na kanga. Ndugu anaziona kanga tatu zimeloa, anasema ndiyo uzazi ulivyo, anatandika nyingine.

Ndiyo maana naupenda mpango wa m-mama, ule wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na waliojifungua. Ulijaribiwa kwanza Sengerema mwaka 2013, baadaye ukaingia Shinyanga, na mwaka 2022 serikali ikaanza kuusambaza Tanzania nzima. Unapiga 115 bila malipo. Anayepokea amefunzwa: anauliza dalili, anajua kituo gani kinafaa, anatafuta gari la wagonjwa. Kama halipo karibu, anampigia dereva wa jamii, mtu wa hapo hapo mwenye gari lake aliyesajiliwa. Mgonjwa akishafikishwa, malipo ya dereva yanaingia kwenye simu yake. Familia haidaiwi nauli.

Kwangu mimi, moyo wa mpango uko hapo kwenye malipo. Zamani saa tisa usiku dereva aliuliza kwanza hela ya mafuta, na sikumlaumu, naye ana watoto. Mume anagonga kwa jirani, jirani hana, wanaenda kwa mwenye duka. Mama amelala palepale. Kwa hiyo malipo yakichelewa wiki mbili tatu, dereva hatapokea simu usiku ule mwingine. Wanaopanga bajeti za halmashauri naomba walishike hili.

Vifo vya uzazi nchini vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, vikashuka hadi 104 katika ule wa 2022. Sifa hiyo si ya magari haya, maana utafiti ule ulihesabu vifo vya miaka iliyotangulia. Tulipata vituo vya afya vingi vinavyofanya upasuaji, na kina mama wengi zaidi wakaja kujifungulia kwetu.

Lakini gari haliji bila kuitwa. Niliwahi kumpokea binti amepauka hadi viganja, pumzi za juu juu. Nikamuuliza mkwewe damu ilianza lini. "Tangu magharibi, nesi. Tulikuwa tunamngoja baba yake arudi." Ilikuwa saa nne usiku. Tulimwongezea damu, akapona.

Tangu siku hiyo, kliniki sizungumzi na mjamzito peke yake. Namwambia aje na mama mkwe, au yeyote anayeamua pale nyumbani. Naandika 115 kwa kalamu nene nyuma ya kadi, nampa mkwe aisome kwa sauti, kisha namuuliza: kanga ya pili ikiloa, utafanya nini?